Saketi za draiva na ubadilishaji wa bendi kwenye spektramu analaiza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa tena na tena na wanafunzi wa elektroniki, mafundi wa mitambo ya mawasiliano, na watu walionunua analaiza (mashine inayochora kwenye kioo nguvu ya ishara kwa kila masafa) ya mtumba wakakuta nusu ya masafa yake imekufa. Mfano wangu mkuu ni HP 8593E, mashine ya Hewlett-Packard ya Marekani inayosoma kuanzia 9 kHz hadi 22 GHz. Nimeichagua kwa sababu bendi zake zimepangwa kwa namna inayoeleweka, na ukishaielewa hii, nyingine hazitakusumbua. Maswali yamepewa namba ili nisirudie jambo lilelile mara tatu.

## Mambo ya msingi

1. Bendi kwenye analaiza ni nini hasa?

Ni njia. Ishara ikiingia kwenye tundu la mbele, mashine huamua ipite kwenye miksa ipi (kifaa kinachochanganya ishara mbili na kutoa masafa mapya), kichujio kipi, na ichanganywe na hamoniki ya ngapi (masafa yaliyozidishwa mara 1, 2, 3 na kuendelea) ya osileta ya ndani (kwenye michoro utaiona imeandikwa LO). Kila mchanganyiko wa maamuzi hayo ndio bendi moja. Kwenye 8593E zipo tano:

| Bendi | Masafa (GHz) | Hamoniki ya LO | LO inatembea (GHz) |
|---|---|---|---|
| 0 | 0.000009–2.9 | 1 | 3.92–6.82 |
| 1 | 2.75–6.5 | 1 | 3.07–6.82 |
| 2 | 6.0–12.8 | 2 | 3.16–6.56 |
| 3 | 12.4–19.4 | 3 | 4.24–6.57 |
| 4 | 19.1–22 | 4 | 4.86–5.58 |

Safu ya mwisho nimeipiga hesabu mwenyewe, nawe unaweza kuihakiki. Katika bendi 0 masafa ya kati ya kwanza (yale ambayo miksa huihamishia ishara) ni 3.9214 GHz, kwa hiyo LO ni ishara jumlisha 3.9214. Katika bendi 1 hadi 4 masafa ya kati ni 321.4 MHz tu: chukua ishara, ongeza 0.3214, gawa kwa namba ya hamoniki.

2. Kwa nini isiwe njia moja tu kutoka chini hadi juu?

Kwa sababu osileta moja ya kutembea kutoka 3 hadi 25 GHz bila kuruka ni kitu kigumu na ghali mno. Osileta moja nzuri ya 3 hadi 6.8 GHz inatosha, mradi ukubali kutumia hamoniki zake kwa masafa ya juu.

Bendi 0 ina sababu yake ya pekee. Huko chini kichujio cha YIG (cha kristali inayotembezwa kwa sumaku, tazama swali la 9) hakifiki, kwa hiyo ishara hupandishwa kwanza hadi 3.9214 GHz. Ishara pacha ya uongo (masafa mengine yanayotoa masafa ya kati yaleyale) inakuwa mbali sana, juu ya 7.8 GHz, na kichujio rahisi kinachokata juu ya 2.9 GHz kinaimaliza. Bendi za juu hazina raha hiyo. Ishara pacha iko 642.8 MHz tu kutoka ile ya kweli, ndiyo maana zinahitaji kichujio kinachotembea (tazama swali la 10).

3. Saketi ya draiva inafanya kazi gani hapo?

Prosesa inajua kusema sifuri na moja kwa volti 5 na mkondo wa miliampea chache. Vitu vinavyobadilisha bendi havielewi lugha hiyo. Dayodi ya PIN, inayotumika kama swichi ya ishara, inataka mkondo wa makumi ya miliampea upande mmoja na volti hasi upande mwingine. Koili ya osileta ya YIG inataka mamia ya miliampea zilizopimwa kwa usahihi wa ajabu. Rilei inataka pigo la volti 24. Draiva ndiye mkalimani, na kila kifaa kina mkalimani wake.

4. Kwa hiyo si swichi moja inayogeuzwa?

Hapana, na hili ndilo jambo ninalotamani kila anayefungua mashine hizi alishike kabla ya kushika bisibisi. Kubadili bendi moja kunagusa kwa pamoja:

- swichi ya kuingilia, inayochagua njia ya chini au ya juu;
- njia ya LO, ili nguvu yake iende kwenye miksa inayotumika;
- mkondo wa koili ya osileta;
- mkondo wa koili ya kichujio cha YIG;
- bayasi (mkondo mdogo wa kudumu) ya miksa ya hamoniki;
- swichi ya masafa ya kati na marekebisho ya nguvu ya ishara.

Tano zikikubali na moja ikakataa, kioo kitakuonyesha mstari mtulivu wa kelele kana kwamba hakuna kilichoharibika. Ndiyo sababu hitilafu za bendi hudanganya sana.

5. Nimetengeneza televisheni miaka mingi. Hii inafanana na tyuna?

Inafanana kuliko unavyodhani. Tyuna ya televisheni ya chogo ilikuwa na pini za VHF ya chini, VHF ya juu na UHF, na pini ya kutafuta stesheni iliyopanda hadi karibu volti 30. Prosesa ilitoa waya mbili za maamuzi, IC ndogo kama LA7910 ikazigeuza kuwa volti 12 kwenye pini moja kati ya kadhaa. Ndani ya tyuna, volti hiyo iliwasha dayodi iliyokata sehemu ya koili, na bendi ikabadilika.

LA7910 ni draiva ya bendi. Kama umewahi kukuta televisheni inashika UHF tu na VHF imekufa, ukapima pini ukakuta volti haipo, ukabadilisha IC hiyo, basi ulishafanya kazi ya ukurasa huu. Kwenye analaiza masafa ni ya juu zaidi, usahihi ni mkali zaidi, na vifaa ni ghali kiasi cha kukutoa jasho.

## Ndani ya draiva

6. Kwa nini dayodi ya PIN inahitaji volti hasi? Si kuizima tu kunatosha?

Haitoshi, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ishara yenyewe. Dayodi iliyoachwa bila volti ni kama mlango ulioegeshwa bila komeo: ishara kubwa ikija itausukuma. Nusu ya wimbi itaifanya dayodi ipitishe kidogo, ishara itajipotosha yenyewe, na utaona kwenye kioo hamoniki ambazo hazipo hewani. Volti hasi ndiyo komeo.

Ya pili ni chaji. Dayodi ya PIN ikipitisha mkondo hujaza chaji kwenye tabaka lake la katikati, na chaji hiyo haiondoki kwa kuambiwa tu. Chukua dayodi yenye mkondo wa 20 mA na umri wa chaji wa mikrosekunde 1: ndani yake mna nanokulombi 20. Draiva ikiweza kuvuta 100 mA kinyume, chaji inaisha kwa takriban mikrosekunde 0.2. Isipovuta, inasubiri ife yenyewe. Ndiyo maana draiva nyingi za PIN zina kapasita ndogo sambamba na rezista ya mkondo: inatoa msukumo wa ghafla mwanzoni, kisha rezista inashika usukani.

Kwa analaiza, hata hivyo, kasi hiyo ni anasa. Koili ya YIG inachukua milisekunde kutulia, kwa hiyo mikrosekunde moja ya dayodi haimuumizi mtu. Kinachoumiza ni volti hasi kupotea kabisa.

7. Kwani waya wa prosesa haiwezi kuendesha dayodi moja kwa moja?

Kwa dayodi moja ndogo, pengine. Lakini draiva ya kweli ina hatua tatu. Kwanza lachi, kwa mfano ya ukoo wa 74HC273, inayoshika amri baada ya prosesa kwenda kushughulika na mambo mengine. Pili kibadilisha ngazi, kwa kawaida transista ya NPN inayovuta besi ya PNP, ili sifuri na volti 5 ziwe hasi na chanya. Tatu rezista inayoamua mkondo.

Lachi ina faida nyingine ambayo mchoro hauitaji: inatenganisha kelele. Njia za data zinapiga kelele muda wote. Ukiziunganisha na dayodi inayobeba ishara dhaifu ya −100 dBm (sehemu ndogo mno ya miliwati), utakuwa umejenga redio ya kusikiliza prosesa yako mwenyewe.

8. Mlio wa "tak" ninaousikia ndani ya mashine ni bendi inabadilika?

Mara nyingi ni atenyueta, kifaa cha kupunguza nguvu ya ishara inayoingia. Vihamishi vyake vya sumaku ni vya aina inayojishikilia: vinapigwa pigo moja la makumi ya milisekunde, vinahama, kisha umeme unakatwa na vinabaki palepale. Baadhi ya analaiza pia hutumia rilei ya koaksia kwenye swichi ya kuingilia, hasa kwa sababu dayodi ya PIN inapoteza tabia yake nzuri kwenye masafa ya chini sana.

Tahadhari moja tu: kwa kuwa koili hizo zimeundwa kwa pigo fupi, transista ya draiva ikipasuka na kubaki imewaka, koili inapikwa. Ukinusa varnishi, zima kwanza, fikiri baadaye.

## Osileta, kichujio na miksa

9. Draiva ya osileta ya YIG inafanyaje kazi, na kwa nini ndiyo inayotajwa kuwa ngumu kuliko zote?

Ndani ya osileta kuna kigololi cha kristali ya itriamu na chuma, kidogo kuliko punje ya mtama, kilichokaa katikati ya sumaku ya umeme. Masafa yake yanafuata nguvu ya sumaku: 2.8 MHz kwa kila gausi moja. Kwa 3 GHz unahitaji gausi 1,070 hivi, kwa 6.82 GHz zaidi kidogo ya 2,430. Nguvu ya sumaku inafuata mkondo wa koili, kwa hiyo anayeshika mkondo ndiye anayeshika masafa.

Koili kuu ya kawaida hutoa karibu 20 MHz kwa kila miliampea. Maana yake, 6.82 GHz ni kama 341 mA. Draiva ni opampu inayoendesha transista ya nguvu, na chini ya transista kuna rezista ya kupimia. Opampu inalinganisha volti ya rezista hiyo na volti iliyotoka kwenye kigeuzi cha dijitali, na kusahihisha bila kuchoka.

Sasa tazama mshono kati ya bendi 0 na bendi 1. Mashine ikimaliza bendi 0 kwenye 2.9 GHz, LO iko 6.8214 GHz. Ishara hiyohiyo ya 2.9 GHz katika bendi 1 inataka LO ya 3.2214 GHz. Osileta lazima irudi nyuma 3.6 GHz, yaani mkondo ushuke kwa 180 mA. Koili ni mkaidi: haipendi mkondo wake ubadilike. Tuseme ina milihenri 100. Ukiteremsha 180 mA kwa milisekunde 10, koili inajibu kwa volti 1.8, jambo dogo. Ukikata ghafla kwa mikrosekunde 10, inajibu kwa volti 1,800 na transista inakwenda kaburini. Dayodi ya ulinzi iliyo sambamba na koili haipo pale kwa urembo, na anayeing'oa "kwa muda" wakati wa kupima hujuta siku hiyohiyo.

Hata mkondo ukishafika, chuma cha sumaku bado kinakumbuka kilikotoka. Ndiyo maana mashine nyingi hufikia kila masafa kutoka upande uleule kila mara, ili kosa la kumbukumbu hiyo liwe lilelile na liweze kusahihishwa.

10. Kichujio cha YIG kinajuaje kifuate wapi?

Kinafuata osileta kwa hesabu. Katika bendi ya hamoniki N, katikati ya kichujio lazima iwe N mara LO, toa 321.4 MHz. Bendi 1, LO ikitembea 1 MHz kichujio kinatembea 1 MHz. Bendi 2, LO ikitembea 1 MHz kichujio kinatembea 2. Bendi 4, kinatembea 4. Draiva ya kichujio, kwa hiyo, hupokea mteremko uleule wa LO lakini ukiwa umezidishwa kwa namba ya bendi na kuongezewa msawazo.

Kwenye michoro ya zamani utaona hilo likifanywa na opampu na rezista zinazochaguliwa na swichi za analogi: kila bendi na rezista yake. Kwenye mashine za baadaye ni namba zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu. Matokeo ni yaleyale, ila rezista haisahau betri ikiisha (tazama swali la 18).

Koili mbili hazitapatana kikamilifu kamwe. Joto, umri na kumbukumbu ya chuma huziachanisha kwa megahezi kadhaa. Ndiyo kazi ya kitufe cha kutafuta kilele cha kichujio: kinaongeza au kupunguza mkondo kidogo kwenye draiva ya kichujio peke yake hadi ishara iwe kubwa kabisa. Usisome nguvu ya ishara ya 15 GHz kabla ya kukibonyeza. Kwenye bendi 0 hakina maana.

11. Bayasi ya miksa ni nini, na inahusianaje na bendi?

Dayodi ya miksa inayopigwa na LO hutoa hamoniki kulingana na inawaka kwa sehemu gani ya kila wimbi. Ukiipa mkondo mdogo wa kudumu, unabadilisha sehemu hiyo, na hamoniki ya 2 inaweza kupendelewa kuliko ya 3 au kinyume chake. Kila bendi ina thamani yake bora, na hata ndani ya bendi moja thamani inaweza kuhama. Draiva yake ni ndogo, kigeuzi cha dijitali na opampu moja, na kwa udogo wake watu huisahau wakati wa kutafuta hitilafu.

12. Hatua zinafuatana vipi bendi inapobadilika?

Mashine inasimamisha kufagia (kupita masafa kutoka chini kwenda juu) na kuacha kuchora. Inaandika lachi za swichi. Inapeleka namba mpya kwenye vigeuzi vya osileta, kichujio na bayasi. Inasubiri koili zitulie. Inafunga LO kwenye rejea yake, inapakia jedwali la marekebisho ya bendi mpya, kisha inaendelea kuchora. Sehemu ndefu kuliko zote ni kusubiri.

## Kinachoonekana kwenye kioo

13. Nikifagia masafa mapana, mstari unasita sehemu fulani kisha unaendelea. Ni ugonjwa?

Hapana. Ni hatua za swali la 12. Ukiitazama 8593E ikifagia kutoka chini hadi juu kabisa, itasita kwenye kila mshono. Ikisita kwa sekunde kadhaa, au ikatoa ujumbe kwamba osileta haikufungwa, hapo ndipo uanze kuuliza maswali.

14. Mbona kelele ya chini inapanda ngazi kila bendi?

Hamoniki ya juu ina nguvu ndogo, kwa hiyo miksa inapoteza ishara zaidi. Mashine inajua hasara hiyo na inaifidia kwa kuongeza nguvu ili kipimo kisome sawasawa. Kelele nayo inaongezwa pamoja na ishara, ndipo sakafu inapanda.

Kelele ya fezi (mtetemo mdogo wa masafa ya osileta) ina hesabu yake: kila hamoniki huizidisha kwa N. Bendi 2 ni mbaya zaidi kwa 6 dB, bendi 3 kwa 9.5, bendi 4 kwa 12. Draiva haina lawama hapo, isipokuwa jambo moja: kelele ya mkondo wa koili nayo inazidishwa hivyohivyo. Kapasita ya kuchuja iliyochoka kwenye usambazaji wa draiva itaonekana kidogo kwenye bendi 1 na waziwazi kwenye bendi 4. Ni kipimo kizuri cha bure.

15. Ishara yangu ya 2.8 GHz iko bendi 0 au bendi 1?

Zote mbili zinaweza. Bendi zimepishanishwa makusudi ili mashine isirukeruke mtu anapotazama karibu na mshono. Kwenye 8593E kuna kitufe cha kufungia bendi, na kwa anayeiendesha kwa kompyuta kuna amri ya HNLOCK. Mshono huo ni zawadi kwa fundi. Pima ishara hiyohiyo ya 2.8 GHz mara mbili, bendi 0 kisha bendi 1. Zikitofautiana sana, umeshajua njia moja ni mgonjwa bila kufungua skrubu hata moja.

## Mashine ikigoma

16. Bendi 0 ni nzima, bendi za juu zote kimya. Nianze wapi?

Furahi kwanza: osileta, masafa ya kati ya mwisho, prosesa na kioo ni vizima. Kilichobaki ni kifupi: swichi ya kuingilia, njia ya LO kuelekea miksa ya hamoniki, kichujio cha YIG, bayasi.

Pima volti hasi ya draiva kabla ya kitu kingine. Kisha weka mita kwenye waya wa swichi ya PIN na ubadilishe bendi kwa mkono, kutoka 0 kwenda 1, mara kadhaa. Dayodi iliyowaka husoma kati ya volti 0.7 na 1. Iliyofungwa husoma hasi ya volti kadhaa. Ikibaki ileile katika bendi zote, rudi nyuma hadi kwenye lachi. Lachi ikibadilika na waya isibadilike, mwizi yuko katikati. Waya ikipanda chanya hadi volti 10 au zaidi, dayodi imekatika na mkondo hauna pa kwenda.

Halafu mkondo wa kichujio. Wengi wanaukisia. Upime: volti juu ya rezista ya kupimia, igawe kwa thamani ya rezista.

Niliwahi kupoteza siku mbili kwenye analaiza moja nikiilaumu miksa. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya miksa ya mtumba ng'ambo. Kumbe ni kiunganishi cha waya bapa kilichopata kutu ya kijani, pini ya volti hasi 15 ikawa inafika hasi 4. Swichi ilifungwa nusu. Tangu hapo huwa napima volti za usambazaji kwenye bodi ya draiva yenyewe, kamwe si kwenye bodi ya pawa.

Kinyume chake, bendi 0 kimya na za juu nzima, kunakuelekeza kwenye njia ya 3.9214 GHz: miksa ya chini, osileta ya pili, au swichi iliyokwama upande wa juu. Vipimo ni vilevile.

17. Bendi 3 peke yake iko chini kwa desibeli kumi. Vipi?

Swichi ni nzima, la sivyo bendi 1 na 2 nazo zingeumwa. Bonyeza kwanza kitufe cha kilele cha kichujio (swali la 10). Ishara ikiruka juu, tatizo ni ufuatiliaji, fanya ulinganisho upya. Isiporuka, shuku bayasi ya bendi hiyo. Kama bendi 4 nayo ni dhaifu, pima nguvu ya LO: hamoniki za juu ndizo za kwanza kulalamika nguvu ikipungua.

18. Betri ya kumbukumbu iliisha, nikabadilisha, sasa bendi za juu hazisomi vizuri. Nimeharibu nini?

Hujaharibu kitu, umesahaulisha. Namba za mteremko na msawazo wa kichujio kwa kila bendi zilikuwa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri. Kwenye 8593E unaunganisha tundu la pigo za 100 MHz na tundu la kuingilia kwa kebo fupi na kuendesha CAL YTF, mashine inajifundisha upya. Fanya pia ulinganisho wa masafa na nguvu kwa kutumia tundu la 300 MHz. Iache iwe imewaka nusu saa kabla, maana kigololi baridi hakitoi jibu la kweli.

19. Naweza kubadilisha transista au rezista ya draiva kwa ninayoipata dukani?

Transista ya draiva ya PIN, ndiyo: angalia volti, mkondo na kasi, hutakosa inayofaa. Chipu ya ULN2003 kwenye draiva za rilei inapatikana karibu kila duka la vipuri.

Rezista ya kupimia ya koili, hapana. Ikihama kwa sehemu 100 tu katika milioni, LO ya 5.5 GHz inahama 0.55 MHz, na kwenye bendi 4 kosa linakuwa 2.2 MHz. Rezista ya kawaida ya kaboni huhama zaidi ya hapo kwa kupumuliwa tu. Kama ya asili imeungua, tafuta ya waya yenye uthabiti unaofanana, na kwanza utafute kilichoiunguza.

## Maswali ya pembeni

20. Miksa za nje za 26.5 GHz na kuendelea zinaendeshwa na draiva zilezile?

Kwa sehemu. Analaiza kama za familia ya HP 8560 hutoa LO nje, na kwenye waya unaorudisha masafa ya kati hupita bayasi ya miksa, hadi 10 mA chanya au hasi. Swichi ya kuingilia na kichujio cha YIG havihusiki. Hamoniki zinakuwa kubwa: kwa 26.5–40 GHz mashine hutumia ya 8, kwa 75–110 GHz ya 18. Bila kichujio, ishara za uongo zimejaa tele, kwa hiyo tumia kitambulishi cha ishara kabla ya kuamini kilele chochote.

21. Zamani kabla ya prosesa bendi zilibadilishwaje?

Kwa mkono. Kwenye HP 8555A, iliyosoma hadi 40 GHz ikiwa na miksa za nje, mtumiaji alizungusha kitasa cha bendi, na kitasa kilibadilisha hamoniki na masafa ya kati, 2.05 GHz au 550 MHz. Kichujio kinachotembea kilikuwa boksi la kununua kando. Kutambua kama ishara ni ya kweli ilikuwa kazi ya kichwa chako. Mafundi waliofunzwa kwenye mashine hizo hawadanganyiki kirahisi, na nawaonea wivu.

22. Kijianalaiza cha tinySA nacho kina draiva za bendi?

Kina, ila sehemu kubwa imo ndani ya chipu. Ile ya kawaida ina matundu mawili, la chini hadi 350 MHz na la juu 240 hadi 960 MHz, na wewe ndiwe swichi ya kuingilia: unahamisha kebo. Hakuna koili ya YIG, kwa hiyo hakuna kusubiri sumaku itulie. Kujifunzia ni kifaa kizuri sana. Chukua chanzo cha ishara ya 300 MHz, weka atenyueta, ipime kwenye tundu la juu kisha kwenye la chini kwa bendi inayopishana, na ujiulize kila kilele kimetoka wapi.

23. Nikichoma swichi ya kuingilia kwa ishara kubwa, draiva nayo inakufa?

Inaweza. Dayodi ikishorti kwenda ardhini, rezista ya mkondo inabeba mzigo wote na transista inafuata. Ukibadilisha draiva bila kupima dayodi, mpya itakufa dakika hiyohiyo. Pima dayodi kwanza, draiva ikiwa imechomolewa. Na kabla ya kuunganisha chochote, soma maandishi yaliyo kando ya tundu la kuingilia: nguvu ya juu inayoruhusiwa, na volti ya moja kwa moja, ambayo kwenye mashine nyingine ni sifuri kabisa.